Usiku wa Sensa, Mbigilini

Injini ilizima mara tatu tangu Wete.
Nikashuka maji yakinifika mapajani,
kishikwambi nimekivika mifuko miwili ya nailoni
na kukiinua juu kama mtoto wa watu,
viatu vikining'inia shingoni.
Hodi ya kwanza ilijibiwa na mbuzi.

Ya pili, Bi Mize Faki.
Hakuuliza nimetumwa na nani.
Aliiona chumvi iliyonikaukia masikioni,
akamwita bintiye: Raya, mpelekee mgeni maji akoge.

Ndoo mbili, ya kijani na ya buluu,
na kata ya kifuu, ukingo umelainika kwa mikono.
Maji baridi, ndivyo tusemavyo yasiyo chumvi,
na kweli yalikuwa baridi,
nikajimwagia kichwani nikihema kama punda,
nikasuuza miguu, nikaisuuza tena,
maana mchanga wa kule hauna adabu.
Yaliyobaki nikayarusha kwenye ukuta wa makuti.
Upande wa pili nikamsikia yule mbuzi
akija kuulamba.

Tukala muhogo na chaza. Chai, nusu kikombe.
Nikalala kitanda cha Bakar,
Bakar mwenyewe barazani.

Asubuhi nikafungua dodoso.
Mkuu wa kaya?
"Mie. Aliyekuwa mkuu yuko Tanga, ana kaya nyingine,
kamhesabuni huko."
Waliolala hapa usiku wa kuamkia leo?
Akahesabu kwa vidole vyenye makovu ya chaza:
yeye, Raya, Bakar, mama mkwe asiyesikia
("umri wake kampigie kelele mwenyewe"),
"na wewe."
"Mimi karani, Bi Mize."
"Karani halali?"

Wiki tatu za mafunzo, na chakula cha mchana juu,
tulikaririshwa hilo hilo:
anayehesabiwa ni aliyelala.
Nikajiandika. Haroub Shehe Mbarouk,
mwanamume, miaka ishirini na sita.
Uhusiano na mkuu wa kaya:
nikabonyeza *Hana uhusiano*.
Kidole chake kikanifuata hadi kwenye kioo.
"Hapo umeandika nini?"
Nikamsomea.
Akanyamaza, kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu
akaona haya kuihesabu mbele ya muuzaji.

Swali la arubaini na kitu. Chanzo kikuu cha maji:
bomba, kisima, chemchemi, mvua, mengineyo.
Raya ndiye aliyejibu, anachambua mchele,
hata hakuinua uso.
"Madumu. Mashua huyaleta Jumatatu na Alkhamisi,
mia tano dumu moja. Alkhamisi hii haikuja."
"Na mnakoga wapi?"
"Pwani. Halafu tunajifuta kwa kitambaa."
Mama yake akamkata jicho.
Mtoto hakuliona, au aliliona.

Nikatazama uani.
Madumu kumi na moja yamelala ubavu, midomo wazi.
Mawili yamesimama.

*Mengineyo, taja.* Nafasi ya herufi ishirini.
Nikaandika: madumu, toka Wete.
Kisha nikarudi nyuma, kurasa zote zile,
hadi pale kwenye jina langu.
Orodha haikuwa na neno nililolitaka.
*Ndugu mwingine*, nikabonyeza.
Kishikwambi kikauliza: Una uhakika?

Nilimaliza nyumba kumi na nne kabla ya adhuhuri.
Kila mlango walinikaribisha chai.
Nikasema nimefunga.
"Leo Jumamosi?" akauliza bwana mmoja, akacheka,
lakini hakunilazimisha.

Bi Mize hakuja pwani kuniaga.
Alimpa Bakar chaza, kwenye kitambaa chenye unyevu,
na kitambaa nikakijua.

Wete, usiku wa Jumapili, bomba letu likakohoa,
likatema kutu, likatoa.
Nikatega dumu. La pili. La tano.
Nikagonga kwa jirani kuazima mengine.
Mama akatoka na taa mkononi:
"Haroub, kuna harusi?"
Nikamwambia
kesho Jumatatu.