Hesabu ya Jumapili, Wete

Jumapili ya nne ya Julai nimeandika: mahudhurio, kumi na sita.
Kwa kawaida huandika kumi na moja,
na hao kumi na moja nimewahesabu pamoja na mtoto wa Hilaria
aliye bado tumboni.

Kanisa letu liko nyuma ya ghala la karafuu;
msimu ukifika tunasali tukipiga chafya.
Mabenchi ni mawili na nusu. Tuliposikia wageni wanakuja,
familia nzima kutoka Malawi,
mama mkunga, ametumwa na kanisa lake kwa miaka miwili,
baba na watoto watatu nyuma yake kama mkia wa tiara,
nikavuka njia kwa Bi Mize.
"Viti? Chukueni vya maulidi.
Ila msinivunjie, Ijumaa nina hitima."
Wajukuu zake wakavileta, vitano,
mgongoni vimeandikwa kwa rangi ya kijani MALI YA MADRASA,
na juu ya kiti cha mwisho, jogoo,
miguu imefungwa kwa ukindu.

Sikuuliza. Nani humhoji jogoo kanisani?
Nikamweka penye sadaka, kando ya mayai na mkungu wa ndizi.

Wakaingia. Limbani, shati limepigwa pasi mpaka kola inang'aa.
Tamanda, macho mekundu ya zamu ya usiku.
Watoto wameshikana vidole, wanatafuta mahali pa kutazama.
Kiswahili chao kilikuwa cha wiki sita, kinachechemea,
lakini wimbo wa kwanza sauti yake waliijua,
wakauimba kwa maneno ya kwao,
na maneno ya kwao yakagongana na yetu kama watu mlangoni,
pita wewe, la, tangulia,
mpaka ubeti wa tatu tukapita sote.

Kisha Padre Damiani akauinua, akasema: mkate.
Yankho, yule wa kati, miaka saba,
akamgeukia mama yake kwa mnong'ono
uliofika hadi barazani kwa Bi Mize.
Nilielewa neno moja tu, *mkate*,
na uso wake: uso wa mtu aliyekutana na mjomba ugenini.
Baadaye alinihesabia mengine vidoleni,
nyumba, nyama, moto,
kama anayenirudishia chenji.

Baada ya baraka, mnada.
Mayai yakaenda. Ndizi zikaenda.
Nikamnyanyua jogoo. Elfu nane! Elfu tisa!
"Tambala!" akaruka Yankho.
Padre akaniinamia: "Tambala ni shilingi ngapi?"
Limbani akacheka mpaka akakishika kiti cha madrasa.
Ndilo jina la jogoo kwao, na ndilo jina la senti yao,
mia moja ndipo upate kwacha.
Kwa kicheko hichohicho akatoa elfu kumi na tano.
Nikaandika.

Tuliporudisha viti, Bi Mize yuko mlangoni.
"Mkunga kapata jogoo wake?"
Jogoo gani?
"We mwanamke! Alhamisi kakesha na Sharifa wangu.
Mtoto hatukumpata. Sharifa ninaye.
Nyumba ya mkunga siijui, kanisa nalijua."

Nikarudi mbio na noti mkononi. Limbani hakuzitaka.
Nikamwambia, mtu hanunui zawadi yake mwenyewe.
Akasema, nimenunua ya mke wangu.
Tamanda kakaa kizingitini, jogoo mapajani,
hasemi, anafungua ukindu fundo kwa fundo
kwa vidole vilivyozoea kufunga vitovu.

Mkaguzi akija kutoka Unguja
ataukuta mstari: jogoo, 15,000, umekatwa,
umeandikwa tena, umekatwa tena.
Pembeni, kwa penseli: *si wetu*.

Jogoo mwenyewe yu hai. Hakuna aliyethubutu kumchinja.
Huwika saa nane za usiku, mbele ya jogoo wote wa Wete,
na mtaa mzima unalalamika.
"Mvumilieni," Bi Mize huwaambia,
"bado anasoma saa za huku."