Mashavu Mawili

Kwetu hatubusu watoto; tunawanusa.
Anayesafiri hunuswa shavu moja,
la pili hubaki deni mpaka arudi.
Wewe ulipita mbele yangu mikononi mwa daktari,
gramu elfu moja mia moja na arubaini,
ukatiwa ndani ya kioo,
na mashavu yote mawili nakudai.

Nje, Ulaanbaatar, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
moshi wa makaa umelala juu ya mapaa
kama ngamia aliyekataa kuinuka.
Ndani, Dulamsuren, muuguzi wa zamu ya usiku,
ananitia kijiti cha pamba puani, kushoto, kulia,
anakizungusha kama mtu anayejaribu ufunguo.

Keshokutwa anarudi na karatasi.
"Una mpangaji," anasema.
"Halipi kodi, havunji kitu.
Hukaa na mtu miaka, mtu asijue.
Lakini ngozi ya mwanao bado
ni utando juu ya maziwa yaliyopoa:
kidole kikigusa, kimeshatoboa."

Basi siku tano.
Marhamu puani asubuhi na jioni,
kitambaa chenye dawa kifuani, kwapani, chini ya matiti
(hapo usipasahau, anasisitiza, hapo ndipo wanapojibanza).
Kucha fupi. Pete nimemvulia Batjargal aitunze,
naye anapakwa pia, machozi yanamlenga,
fundi wa lifti, masharubu na yote,
amekaa wima kama mtoto wa chekechea.

Siku ya tatu nikalia kwenye sinki.
Ninanuka hospitali.
Nikiwafuta wadudu, ninafuta na nini kingine?
Atanijuaje huyu, kama sinukii mimi?
Dulamsuren hakunibembeleza.
Alifungua bomba kwa kiwiko:
"Sekunde hazijatimia. Anza upya."

Mama mkwe akafika kwa basi kutoka Arvaikheer,
jibini kavu kwenye mfuko, theluji kwenye viatu,
akaenda moja kwa moja kwenye kioo, pua mbele.
Wakamzuia.
Niliogopa neno atakalotamka.
Akavua skafu, akakaa, akainua uso:
"Nipakeni na mimi. Pua hii ina miaka sabini,
sijui imekaribisha nani."

Siku ya sita
wakakulaza kifuani pangu, nyaya zako zikining'inia,
mzito kama nusu mkate.
Nikabana pumzi. Marhamu nilimaliza, kunawa nilinawa,
bado sikuthubutu.
Wewe ukageuza kichwa, polepole,
vitundu viwili vidogo kuliko punje ya mtama
vikatanuka,
ukaninusa wewe kwanza.

Ndipo nikalichukua shavu la kulia.
La kushoto nimeliacha humo humo kwenye kioo.
Utanilipa siku tukienda nyumbani.