Kurasa za Nyuma

Duka la baba liko kona ya barabara ya reli, mjini Melo,
kaskazini mwa Uruguai, ambako baridi ya Julai hung'ata vidole.
Aliuza seng'enge, dawa ya kupe, mabuti,
chumvi ya kulamba, na misumari kwa kilo.
Akipima, alingoja sindano ya mizani itulie,
kisha akatupia konzi moja juu.
"Hii ni ya kuangukia majanini," alisema.

Daftari lilikuwa moja, jalada la kijani, limefungwa kwa kamba ya kiatu.
Mbele, madeni.
Nyuma, ng'ombe:
Herefodi wekundu kama tofali, nyuso nyeupe,
baba wa nani, mama wa nani, nani alizaa kwa shida,
nani asipandwe tena.

Fahali wa kwanza alimwita Askofu,
kwa ule uso na mwendo wa kutoharakishwa na mtu.
Aliuza gari ili amnunue.
Mama alipika boga siku kumi na moja mfululizo,
bila neno.
Siku ya kumi na mbili alitoka hadi uani, akamtazama yule fahali,
akasema, "Haya. Angalau ana adabu."

Kwenye mnada alitukataza kuangalia uso.
"Anzeni na miguu. Uzuri wa uso haupandi kilima."
Nikadhani ni habari za ng'ombe,
mpaka nilipomleta mchumba nyumbani
nikaona macho ya baba yamekwenda chini, kwenye viatu vya mtu.

Mama alipolazwa Montevideo
alinisuka nywele yeye mwenyewe,
mikono inanuka dawa ya josho,
msuko wa hatamu, wa kukaza kwa goti.
Jumatatu mpaka Ijumaa haukufumuka.
Shuleni walicheka. Nami sikuufumua.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga.
Sikujua kwamba maneno yale yangeweza kutembea kwa miguu
hadi sebuleni kwetu.
Walikuja wamevua kofia, bahasha mkononi,
jeneza likiwa bado wazi.
Mzee Telmo Bittencourt alilipa mizunguko sita ya seng'enge
ya mwaka ule wa ugonjwa wa kwato,
mwaka ambao hakuna aliyeuza hata ndama
na baba alifungua duka kila asubuhi, akaandika, akaandika.
Noti nyingine za Telmo serikali imeshazifuta.
Nilizipokea. Nikampa risiti.

Usiku, watu walipokwisha kutawanyika,
nililigeuza daftari, nikalisoma kutoka nyuma,
nikitafuta ukoo wa mitamba tutakayouza.
Nikajikuta.

Agosti 9. Nibia. Jike.
Neno "jike" limekatwa kwa mstari, juu yake: binti.
Kilo tatu na robo. Nywele nyingi. Miguu mizuri.

Mstari unaofuata, wino uleule:
Agosti 9. Namba 31, mtamba wa Askofu.
Ndama alikwama. Wamekufa wote wawili.
Sikuwepo.
Kisha, pembeni, kwa herufi za mbele ya daftari,
zile za madeni yaliyokwisha:
Hesabu iko sawa.

Miaka arobaini na mbili hakuutaja mtamba ule.
Nami nilimnunia mara ngapi
kwa kuchelewa chakula, yuko zizini,
nikimwambia mama kwamba sisi tungezaliwa na kwato
angetukumbuka.

Zizi leo limejaa tope.
Wanaye wa Askofu, wajukuu na vilembwe, wamesimama getini
wanamngoja mwenye chumvi.
Nimewapelekea mimi; walinusa mkono kwanza.

Nikarudi, nikachukua kalamu yake yenye alama za meno.
Juni 3. Evaristo Goyeneche.
Alizaa sita, mmoja hakuishi.
Miguu mizuri.
Safu ya uzito nimeiacha wazi.