Hii Hatuna

Mara ya tatu nilipokwenda zahanati ya Pasua
na tumbo langu lilelile,
yule tabibu kijana, Eliamini, hakunigusa tumbo.
Aliweka kalamu chini akaniuliza:
"Mzee Nderingo, jana ulizungumza na nani?"

Nikahesabu. Nilizungumza na redio.
Nilimwambia paka wa jirani atoke.
Nilimwita Aikande, ila huyo
ana mwaka na miezi minne hajibu.

Akachukua cheti, akaandika taratibu,
akagonga muhuri. Sikukisoma.
Miwani nilikuwa nimeiacha mezani
kando ya saa za watu waliokufa
au walionunua simu. Mimi sioni tofauti,
wote hawajazifuata.

Nikapanda hadi duka la dawa la Majengo.
Binti wa kaunta akakisoma cheti mbele,
akakigeuza, akakisoma nyuma,
akamwita mwenzake. Wakanong'ona.
"Babu," akasema, "hii hatuna."

Kiliandikwa:
Jumatano, saa kumi jioni.
Bustani ya mboga, nyuma ya ofisi ya kata.
Mwone Ndeamsia. Nenda na jembe.
Mara moja kwa wiki, miezi mitatu.
Usiache hata ukijisikia nafuu.

Nilikasirika, sitaficha.
Miaka arobaini na moja nimeshika koleo
lenye ncha kama kucha ya mtoto mchanga,
nimefufua nusu ya saa za Moshi,
za mapadre, za wanunuzi wa kahawa,
leo nikamwage jasho kwenye mnafu
kwa amri ya mtoto aliyezaliwa
mwaka niliouza baiskeli!
Jumatano ya kwanza sikwenda.
Ya pili mvua ilinyesha, nikaishukuru.
Ya tatu tumbo likaniamsha saa tisa usiku,
nikakaa ukingoni mwa kitanda, upande wangu,
upande wake ungali umetandikwa,
nikasikiliza saa kumi na saba zikitembea gizani,
kila moja na mwendo wake,
hakuna inayoingoja nyingine.

Jembe lilikuwa la Aikande. Mpini mfupi.

Nilitazamia wagonjwa. Nikakuta ugomvi.
Ndeamsia, kanga kiunoni, anamfokea Vitalis wa bodaboda
(aliyegonga mtu Njiapanda, niliambiwa baadaye,
na tangu siku hiyo giza likiingia hutetemeka mikono).
Maji ya mfereji ni nusu saa kwa kila tuta;
yeye kayaachia tuta lake
mpaka nyanya za Mama Kisali zimelala.
"Haijafika!" "Imepita!" "Haijafika!"
Simu zimo kikapuni, ndiyo sheria ya pale.

Nikakunja mkono wa shati.
Hii ninayovaa hujazwa kwa vidole, kila asubuhi.
Nikasema, "Imepita dakika nane."

Wakanyamaza. Ndeamsia akanitazama,
akaitazama saa, akalitazama jembe.
"Kumbe ndiye wewe, uliyechelewa wiki mbili?"

Sijapona. Mwenye kutaka ushuhuda aende kanisani.
Tumbo hunijia bado, usiku mmojammoja,
na upande ule wa kitanda sijautandua.
Lakini Jumatano nina maji ya watu mkononi,
nafungua, nafunga, natukanwa na Mama Kisali,
narudi na fungu la mnafu nisilojua kulipika.

Juzi Vitalis alikuja nyumbani bila kuitwa
na saa ya marehemu baba yake,
imekwama saa mbili na robo.
Sikumwambia iache, njoo kesho.
Nikamvutia kigoda, nikawasha taa,
nikamwonyesha namna ya kushika koleo.
Mikono ilimtetemeka. Nikangoja.

Paka wa jirani aliingia.
Hatukumfukuza.