Droo ya Kumi na Saba

Nililipata kwa Bwana Ormerod, mfuga njiwa,
bandani kwake nyuma ya kanisa, Accrington,
siku ambayo mvua ilikuwa imeamua kukaa.
Alikuwa akiweka humo mahindi na dengu,
na kila nilipovuta droo
manyoya mawili matatu yaliruka, yakatua begani kwangu.
"La nyuzi hilo," akasema, "la duka la Threlfall.
Panya hawaliwezi."
Pauni thelathini, na nilibebe mwenyewe.

Tulilikokota mimi na Wilf kwa toroli la bustani,
Wilf akihesabu kwa sauti ili majirani wasikie:
la sita hili, mke wangu,
la sita, na kofia yangu haina pa kukaa.

Mkangazi. Vishikio vya shaba. Droo ishirini na nne,
kila moja na kioo usoni
ili mnunuzi aone rangi bila kugusa.
Nikalisafisha kwa siki, nikalipaka nta,
na maandishi yakaanza kuchungulia,
penseli ya Bi Threlfall, ndani ya ukingo.
Hakuwa mtu wa kuandika "kijivu" akatosheka.
Aliandika: kijivu cha Jumatatu.
Kijani cha mapazia ya daktari.
Buluu ya koti la mjane Haworth, analipa polepole.
Nyeusi ilikuwa na droo tatu.
Miaka ile ilikuwa ya nyeusi.

Ya kumi na saba ilikwama.
Ilinibidi nipige magoti, mtaka cha mvunguni,
niisukume kwa nyuma na mwiko.
Ndani kibiringo kimoja, chekundu, nusu yake kimetumika,
na penseli iliyokandamizwa mpaka ubao ukabonyea:
ISIUZWE.

Niliuliza.
Mpwa wake yuko Clitheroe, miaka tisini, hasikii vizuri;
alidhani naulizia bei ya nyumba.
Wazee wa kanisani kila mmoja akamtolea mchumba wake:
askari, dereva wa tramu, mpiga tarumbeta.
Nikaacha. Droo yenyewe haikuwa inasubiri jibu.

Kisha jioni moja ya Novemba narudi kutoka mnadani,
namkuta Wilf mezani, miwani puani, ulimi nje,
koti la bustani mapajani,
na kifungo kimeshonwa kwa uzi mwekundu,
fundo kubwa la kufungia ng'ombe.
"Ulikuwa uzi tu," akasema, "na ulikuwa karibu."
Siku tatu sikusema naye ila habari za chai.

Sasa wanunuzi huja. Kijana mmoja wa Manchester
alivaa glavu nyeupe ndipo akashika vishikio,
akataja bei iliyonifanya nikae chini.
Nikamfungulia: kijivu, kijani, nyeusi, nyeusi, nyeusi.
Akauliza ya kumi na saba.
Nikasema imekwama.

Koti liko nyuma ya mlango, udongo bado mfukoni
na njegere kavu za msimu ambao hakuufikia.
Kola imeliwa na nondo. Bitana imechoka.
Kifungo kile nimekivuta, nimekivuta tena,
mara kwa hasira, mara kwa mazoea.
Hakilegei.