Breki Sikuazima

Taa ya kushoto ni ya shemeji yangu Msabila.
Niliifungua jana usiku kwa tochi ya simu,
mkewe akiuliza kupitia dirishani: "Itarudi lini?"
Kesho, kabla ya magharibi.
Tairi la akiba ni la parokia ya Ipuli;
katekista alilitoa kwa daftari,
jina, tarehe, sahihi, kama mkopo wa benki.
Waipa ya kulia nilipewa na Mhoja, fundi redio.
Ya kushoto haipo, lakini Julai Tabora haina mvua,
nani ataiulizia?

Korola yangu ni ya mwaka themanini na nane.
Imebeba asali ya Sikonge hadi viti vikanuka nta.
Mlango wa nyuma unafunguliwa kwa kijiko.
Isevya hawaniulizi nimerudi saa ngapi,
wanakijua kikohozi chake pale kona ya msikiti.

Saa moja asubuhi foleni imeshafika kwenye mashine ya kukoboa.
Baridi. Mikono makwapani. Maboneti yote wazi
kama wagonjwa kwa daktari wa meno.
Na mtungi wa kuzimia moto, mmoja, mwekundu,
unatembea kinyume cha foleni:
ukishakaguliwa mbele, kijana anaupitisha chini ya koti
hadi gari la tano, la sita, la tisa.

Afande Nyamizi ana kalamu sikioni, hana haraka.
"Washa taa."
Ya Msabila ikawaka. Yangu ikawaza, kisha ikawaka.
"Honi."
Nikabonyeza. Kimya.
Nikabonyeza tena, na nyuma yangu
fuso la tumbaku likalia kama treni ya Mpanda.
Afande hakugeuka. Aliandika kitu.
"Korola yako ina sauti nene."
Akainama, akautazama mtungi.
"Na huyu bwana tumeonana mara nne tangu asubuhi.
Mwacheni apumzike."
Foleni ikacheka. Mimi jasho, katika baridi ile.

"Haya, breki." Akapanda, akafunga mkanda.
"Nenda mbio hadi pale kwenye jiwe."

Hapo sasa.

Mwaka jana, njia panda ya kwenda Kitete,
mtoto wa shule alivuka na ndoo kichwani.
Nilikanyaga pedali hadi sakafuni, nikakanyaga tena
kama mtu anayejaza upepo baiskeli,
na gari likasimama lilipotaka lenyewe.
Maji ya ndoo yakamwagikia boneti.
Mtoto akanitazama, akasema, "Shikamoo."
Sijalala vizuri na ile shikamoo.

Niliuza madumu matatu ya asali.
Pedi mpya, mipira mipya, mafuta ya breki chupa nzima,
siku mbili chali chini ya gari, mchanga machoni.

Nikaenda mbio. Jiwe likaja. Nikakanyaga.
Korola ikapiga magoti.
Kalamu ya afande ikachomoka sikioni, ikagonga kioo.

Alikaa kidogo.
"Honi, wiki moja. Waipa, wiki moja. Mtungi, nunua wako."
Akaibandika stika pembeni, juu ya ufa.

Jioni nilirudisha taa, mkewe Msabila akahesabu hadi skrubu.
Katekista alilibonyeza tairi kwa kidole gumba,
akakata jina langu kwa rula.
Nikarudi na jicho moja.
Pale njia panda nikasimama,
ingawa hapakuwa na mtu.