Isipungue

Karatasi ya kiwanda niliibandika mwenyewe
mlangoni pa ghala, hapa Hombolo, kwa uji wa muhogo:
Sukari isipungue kumi na nane.
Niliisoma kwa haraka ya mtu mwenye foleni,
nikatangaza: zaidi ya kumi na nane, jamani!

Siku ya tatu akaja Mbeleje na kreti za mama yake.
Nikaminya zabibu moja kwenye kioo cha kipimo,
nikakielekeza juani. Buluu ikashuka, ikasimama
juu ya kumi na nane.
Haikuzidi hata unywele, haikupungua hata unywele.
Nikamwambia, rudisha.

Hakulia, wala hakubembeleza.
Aliokota mkaa jikoni kwa muuza chai
akachora mstari ukutani, mshale huku, mshale huku,
akazipanga namba kama kunguru kwenye waya,
na juu ya kumi na nane akaweka kiduara.
"Wangeandika zaidi ya, ningekiacha tupu,
kama sikio lililotogwa likakosa hereni.
Wameandika isipungue."
Akakijaza mkaa, kikawa jicho,
akauvuta mstari kulia
mpaka ukuta ukaisha.

Chini yake, kwa mwandiko wa kidato cha pili:

[18, ∞)

"Bano la pembe linaishika namba yake.
Hili la mviringo, la upande wa nane iliyolala,
halishiki kitu. Huko hakuna aliyefika akafunga mlango."

(Nami nilifundishwa hayo, Kongwa,
kipindi cha baada ya makande. Nililala.)

Foleni ikacheka. Nikapima uzito, nikaandika stakabadhi.

Lakini juzi Ndahani alitoka Ipala na baiskeli,
kreti nne, kumi na nane kamili,
nikamrudisha na jua lake lote.
Jioni nilimpita barabarani
akiuza kwa kopo, bei ya maji,
nyuki ndio wateja wake wakubwa.
Alinisalimia.

Usiku nimekuja na kurunzi.
Mstari bado upo. Kushoto kwa jicho lile
ni chokaa tupu, nyeupe, hakuna alama ya mtu:
huko ndiko nilikomtupa
mtu aliyekuwa amesimama juu ya nukta.

Nimeigusa. Mkaa umebaki kidoleni.
Kutoka hapa hadi Ipala ni mwendo wa saa mbili,
labda zaidi,
hazipungui.